Filamu Iliyosifiwa Ikigeuzwa Mchezo wa Video: Kinachohamishika na Kisichohamishika

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hapa Gulu. Wenzangu ninaocheza nao PS wanashikilia kwamba hakuna filamu nzuri iliyowahi kugeuzwa kuwa gemu nzuri, na kwamba kadiri filamu inavyosifiwa ndivyo gemu yake inavyokuwa mbovu. Nilipowatajia GoldenEye, ile ya James Bond, wakanijibu kwa The Godfather. Nani kati yetu yuko sahihi? Tena tuna mpango wa kutengeneza gemu ya simu kutokana na filamu ya Uganda, na mimi nilikuwa nimefikiria Queen of Katwe. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wenzako wako sahihi nusu tu. Ni kweli kwamba michezo mingi iliyotokana na filamu imekuwa dhaifu, lakini kwa muda mrefu sababu kubwa ya udhaifu huo ilikuwa kalenda, na filamu yenyewe haikuwa na hatia. Ni kweli vilevile kwamba filamu zilizosifiwa sana zina ugumu wake wa pekee, isipokuwa ugumu huo hautokani na wingi wa sifa. Unatokana na mahali ambapo uzuri wa filamu umekaa. Ikiwa uzuri huo umo katika namna mwongozaji anavyotuonyesha jambo, yaani anachokionyesha, anachokificha na muda anaotufanya tusubiri, basi hauhamishiki, kwa sababu ukimkabidhi mchezaji pedi ya kuchezea umekwisha kumnyang'anya mwongozaji kamera yake. Ikiwa uzuri umo katika hali inayowabana wahusika, mahali penye masharti yanayoeleweka na hatari inayoeleweka, basi unahamishika, na umewahi kuhamishwa vizuri zaidi ya mara moja.

Nianze na kalenda, kwa kuwa ni rahisi kuimaliza. Mfano ambao kila mtu hupenda kuutaja ni E.T., filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1982. Kampuni ya Atari ililipa fedha nyingi kupata haki zake, mazungumzo yakachelewa hadi mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, na mchezo ukatakiwa uwe tayari mwanzoni mwa Septemba ili kaseti ziwahi madukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw, aliyepewa kazi hiyo, alikuwa na wiki tano hivi. Mtu huyo hakuwa mgeni wala mzembe: ndiye aliyetengeneza Yars' Revenge, mchezo uliopendwa sana, na ndiye aliyeigeuza Raiders of the Lost Ark, filamu nyingine ya Spielberg, kuwa mchezo wa mtambo uleule wa Atari, safari hiyo akiwa na muda wa kutosha. Katika E.T. mchezaji anatangatanga akitafuta vipande vya simu, anatumbukia shimoni, anapanda, anatumbukia tena. Kaseti ambazo hazikuuzika zilifukiwa, pamoja na za michezo mingine, katika jalala la Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na mwaka 2014 zikafukuliwa mbele ya kamera. Kisa hicho kimerudiwa mno hata watu wanadhani kinathibitisha kwamba filamu na michezo haviivi chungu kimoja, ilhali kinachothibitika ni kwamba wiki tano hazitoshi. Desturi ya kutoa mchezo siku moja na filamu iliendelea kwa miaka zaidi ya ishirini baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote watengenezaji walikuwa wakifanya kazi kwa kufuata mswada ambao bado unabadilishwa, huku tarehe ya kutoka ikipangwa na watu wa sinema.

GoldenEye uliyoitaja inathibitisha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Filamu ilitoka Novemba 1995. Mchezo, uliotengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza kwa ajili ya mtambo wa Nintendo 64, ulitoka Agosti 1997, wakati filamu ilikwisha kupoa. Kuchelewa huko, ambako mhasibu yeyote angekuita hasara, ndiko kulikompa Martin Hollis na kundi lake dogo nafasi ya kufikiri, nao wengi wao walikuwa hawajawahi kutengeneza mchezo wowote. Walikwenda katika studio za Leavesden filamu ilipokuwa ikitengenezwa, wakarudi na picha na ramani za seti. Kisha wakafanya jambo ambalo Hollis amelieleza baadaye: waliyajenga majengo kwanza kama majengo, bila kuamua mchezaji ataingilia wapi wala atatokea wapi. Kwa hiyo kile kiwanda cha kemikali cha mwanzo wa filamu, ambacho Bond anakipita kwa dakika chache, ndani ya mchezo ni jengo kamili lenye vyumba visivyo na kazi na milango inayoelekea kusikohitajika, na unaingia humo kupitia tundu la hewa lililo juu ya choo, huku walinzi wakiwa chini yako na hawana habari. Mwongozaji alihitaji seti ionekane vizuri kutoka upande mmoja. Mchezaji anahitaji pembe zote, kwa kuwa hakuna anayemwamulia atazame wapi. Na ile sehemu iliyowakesha vijana wa enzi hizo, watu wanne wakiwindana kwenye runinga moja iliyogawanywa, haimo katika filamu hata kidogo. Iliongezwa kazi ikielekea ukingoni.

Hata hivyo, GoldenEye haimalizi ubishi wenu, kwa sababu filamu za Bond zilikuwa nusu mchezo tangu mwanzo: mtu mmoja, kazi moja, vifaa vya ajabu na maadui wengi. Mtihani wa kweli ni huo waliokupa wenzako.

The Godfather ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972, ilifanywa mchezo na kampuni ya Electronic Arts mwaka 2006. Haukuwa mchezo wa hovyo. Watengenezaji waliwapata James Caan na Robert Duvall warudie kutoa sauti za wahusika wao, na Marlon Brando alirekodi kidogo kabla ya kufariki mwaka 2004. Mchezaji anakuwa Aldo Trapani, kijana asiyekuwemo katika filamu, ambaye anapanda cheo ndani ya familia ya Corleone kwa kuwatisha wenye maduka na kuwapiga wapinzani. Coppola alilalamika hadharani kwamba hakuhusishwa kabisa, na kwamba wahusika ambao kila mtu anawajua wametumiwa kama utangulizi tu wa saa nzima ya watu kuuana. Mtu anaweza kusema huo ulikuwa uchungu wa msanii ambaye haki za kazi yake ziko mikononi mwa wengine. Mimi naona aligusa penyewe.

Chukua tukio la mgahawani. Michael Corleone, mwana wa mkuu wa familia hiyo ya majambazi, ameketi mezani na Sollozzo, adui wa familia, na kapteni wa polisi, McCluskey, ambao amekuja kuwaua. Anaomba ruhusa kwenda chooni, anaipapasa bastola iliyofichwa humo, anaipata, anarudi. Alikuwa ameagizwa atoke chooni akifyatua. Badala yake anaketi tena. Sollozzo anaendelea kusema naye kwa Kiitaliano, na chini ya picha hakuna tafsiri. Sauti ya treni inaanza mahali fulani nje, inapanda, inapanda hadi inayameza maneno, na treni yenyewe hatuioni. Kamera imebaki kwenye uso wa Al Pacino, macho yake yakienda huku na huku bila kushika kitu. Kisha anasimama na kufyatua. Karibu kila kilichomo katika dakika hiyo ni kazi ya mtu aliyetuamulia: kukaa kimya kwa mwigizaji, sauti isiyo na chanzo, lugha tusiyotafsiriwa, kamera isiyobanduka.

Sasa mpe mchezaji pedi. Yuko mezani, ana bastola, ana kitufe. Akifyatua papo hapo, tukio limekwisha kabla treni haijafika. Akichelewa, kusita kule hakuwi kwa Michael tena. Kunakuwa kwa mchezaji, ambaye huenda anatafuta kitufe, au amepigiwa simu, au anataka tu kuona kitakachotokea. Uzito wa tukio lile unatokana na kwamba sisi watazamaji tunajua yote na hatuna la kufanya. Watengenezaji wa mchezo nadhani walilitambua tatizo hilo, ndiyo maana Aldo anapewa kazi ya kwenda mapema kuificha bastola chooni na baadaye kumwendesha Michael baada ya mauaji. Mchezaji amewekwa kando ya tukio kuu. Ni suluhisho la heshima, ila linamfanya awe tarishi katika hadithi ya watu wengine, na ndivyo ilivyo kwa kila tukio maarufu la filamu hiyo analolikuta njiani, hata lile la kichwa cha farasi. Unafurahi kwa kuwa umelitambua, basi. Kinachobaki, na ambacho kwa kweli kinachezeka, ni biashara ya kuteka maduka mtaa kwa mtaa, na hiyo ingeweza kuwekwa ndani ya filamu yoyote ya majambazi bila kupungukiwa na kitu.

Kwa hiyo, mkitaka kujua kama filamu fulani inafaa, msianze kwa kuhesabu tuzo zake. Jiulizeni mhusika anafanya nini katika dakika nyingi za filamu, dakika kwa dakika, na kama kitendo hicho kinaweza kurudiwa mara mia bila kupoteza maana. Michael Corleone anakaa, anasikiliza, anabadilika ndani kwa ndani. Hilo halirudiwi. Bondia anapiga na kukwepa. Mtoro anajificha na kusikiliza. Mpelelezi anauliza na kushuku. Hayo yanarudiwa.

Mtoro ndiye anayenipeleka kwenye mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote. Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, ni filamu iliyosifiwa kwa haki, na kwa miaka mingi michezo iliyobeba jina hilo ilikuwa ikichota kutoka filamu ya pili, Aliens ya James Cameron ya mwaka 1986, kwa sababu ndani yake wamo askari na bunduki. Mwaka 2014 kampuni ya Creative Assembly ya Horsham, Uingereza, ambayo wengi waliijua kwa michezo ya vita vya majeshi makubwa, ikatoa Alien: Isolation na kurudi kwenye filamu ya kwanza, ambamo kiumbe wa angani anayewawinda watu ni mmoja tu na si rahisi kumuua. Hadithi ni mpya: miaka kumi na mitano imepita, na Amanda, binti wa Ellen Ripley, mhusika mkuu wa filamu, anamtafuta mama yake katika kituo cha angani kiitwacho Sevastopol. Wenye filamu waliwafungulia ghala lao la michoro, picha na sauti za mwaka 1979, nao wakajiwekea sharti kwamba kila kifaa kiwe kile ambacho watu wa miaka ile wangeweza kukibuni, ndiyo maana kompyuta zina maandishi ya kijani na vioo vinene vilivyobinuka.

Lakini michoro peke yake haitishi mtu. Umejificha ndani ya kabati la chuma. Kupitia nafasi za mlango unaona kivuli kikipita, kikirudi. Mkononi una kifaa cha kutambua mwendo, na kifaa hicho hulia. Kinapolia, kiumbe naye anaweza kukisikia, kwa hiyo kinachokwambia adui yuko wapi ndicho kinachomwambia wewe uko wapi. Unakishusha. Sasa huoni chochote isipokuwa mlango. Kiumbe anasimama mbele yake. Unajivuta nyuma kwa kitufe na kuzuia pumzi, na ukiizuia kupita kiasi mwili unaanza kuumia. Hata kuhifadhi ulipofikia kuna gharama: unakwenda kwenye simu ya ukutani, unaingiza kadi na kusubiri taa ziwake moja baada ya nyingine, na ukiuawa kabla ya taa ya mwisho hujahifadhi kitu.

Nyuma ya pazia, watengenezaji walimgawa kiumbe huyo sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inajua daima mchezaji alipo na humsogeza kiumbe katika eneo hilo kwa kidokezo tu. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo mwili wake, haina habari hiyo na hutegemea kuona na kusikia. Ndiyo sababu anaonekana kukuwinda bila kukuonea. Njia yake haikuandikwa, na kwa hiyo huwezi kuikariri. Huo ndio uhamishaji hasa: hofu ambayo Scott aliipata kwa kutotuonyesha kiumbe, hawa wameipata kwa kutotupa uhakika wa alipo. Njia ni tofauti kabisa, na woga ni uleule. Kasoro ninayowapa ni urefu. Filamu haifiki saa mbili. Mchezo unadai saa kumi na tano na zaidi, na hofu ikipita saa ya kumi inageuka kuwa kazi ya zamu.

Blade Runner, filamu nyingine ya Scott, ya mwaka 1982, ilipata mchezo wake mwaka 1997 kutoka kampuni ya Westwood, na huo nao unastahili kusomwa na yeyote anayeifuata taaluma hii. Hawakuirudia hadithi ya Deckard, mpelelezi wa filamu. Walimweka mpelelezi mwingine, Ray McCoy, katika jiji lilelile na kwa siku zilezile, kisha wakaifanya shaka iliyo moyoni mwa filamu, yaani nani ni mtu na nani ni mtu wa kutengenezwa, kuwa sharti la mchezo: baadhi ya washukiwa wanaweza kuwa watu halisi ukicheza leo na viumbe vya kutengenezwa ukianza upya kesho. Mchezaji anayemfyatulia mtu risasi hana msaada wa kumbukumbu. Linganisha na The Thing ya mwaka 2002, iliyotokana na filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982 kuhusu watu wa kambi ya barafuni ambao hawajui ni nani kati yao amekwisha kugeuzwa. Wazo lilikuwa zuri mno: wenzako wana hofu, wanakuamini au hawakuamini, wanakataa kutii, na una kipimo cha damu. Kwa bahati mbaya, mahali fulani fulani mtu aliyepimwa na kuonekana mzima hugeuka palepale kwa sababu hadithi iliandikwa hivyo. Mchezaji akigundua mara moja kwamba kipimo chake hakina maana, anaacha kushuku, na filamu nzima imekwisha kufa mikononi mwake. Sharti mkilitoa, lisimamieni.

Kuna mifano mingine ambayo sitaikalia. Spider-Man 2 ya mwaka 2004 hukumbukwa kwa kitendo kimoja, kubembea juu ya New York kwa utando unaoshika majengo kweli. Mwaka huohuo Starbreeze ya Uswidi ilitoa mchezo wa Riddick uliosifiwa sana na wakosoaji, wakati filamu ya mhusika huyo iliyotoka mwaka uleule haikupata sifa kama hizo. Mchezo ulisimulia kutoroka gerezani kabla ya matukio ya filamu, na gereza, kama unavyoweza kukisia, ni mahali penye masharti tele. Desemba 2024 MachineGames, nao wa Uswidi, wakamleta Indiana Jones katika hadithi mpya ya mwaka 1937. Utaona kwamba mingi iliyofaulu ilikataa kuisimulia tena filamu.

Hapo wenzako wataruka na kusema: basi huo si uhamishaji, ni kuazima jina tu. Ni pingamizi la maana, na wapo wataalamu wanaolikubali. Mimi silikubali, na sababu ninaiona kila ninapopita karibu na kibanda cha video. VJ, yaani msimulizi wa filamu kibandani, anapoketi na maikrofoni na kuwaeleza watu kwa Kiganda filamu ya Hong Kong au ya Marekani, hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anawatania, anawaonya watazamaji juu ya adui anayekuja, anaruka mazungumzo marefu na kuongeza yake. Aliyelipa mlangoni haoni kwamba amenyimwa filamu. Anaona ameipata kwa namna inayomfaa akiwa pale. Uaminifu wa VJ uko kwa kile ambacho filamu inamfanyia mtu, na ndivyo ninavyoupima uaminifu wa mchezo. Alien: Isolation haina tukio hata moja ambalo ni nakala kamili ya filamu katika njia yake kuu, na bado ni aminifu kuliko The Godfather yenye matukio hayo yote.

Sasa mpango wenu. Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyeibuka mchezaji hodari wa sataranji, na mwalimu wake Robert Katende, ina mtego ambao wengi wangeuingia kwa kukimbia: kwa kuwa ni filamu ya sataranji, mnatengeneza sataranji yenye picha za Katwe. Sataranji ya bure imejaa kwenye simu za watu, na hakuna atakayeiacha aliyonayo kwa ajili ya yenu. Tena sataranji siyo iliyowaliza watu katika filamu hiyo. Kinachowabana wahusika ni kodi ya chumba, mahindi yanayopaswa kuuzwa, maji ya mvua yanayoingia ndani, na mama, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, anayeogopa kwamba binti yake ataonjeshwa maisha asiyoweza kuyashika. Mchezo wake, kama ungetengenezwa, ungekuwa wa jioni: una saa chache kabla ya giza na fedha kidogo mkononi, na unaamua kama ni mafuta ya taa ya kusomea au chakula, mazoezi au biashara. Ungeweza kuwa mzuri sana. Ungeweza pia kuufanya umaskini wa watu kuwa alama za kukusanya, na Phiona Mutesi ni mtu halisi aliye hai, si mhusika wa kubuni. Halafu filamu ni ya Disney. Kundi la wanafunzi halitazipata haki hizo, nami nisingependa mtumie mwaka mzima kwa kitu msichoweza kukitoa hadharani.

Badala yake ningewashauri muifikirie Who Killed Captain Alex?, aliyoitengeneza Nabwana I.G.G. na Ramon Film Productions huko Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani na kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Najua wenzako watacheka, kwa kuwa si filamu ya tuzo kubwa. Lakini imependwa duniani kote kwa jambo ambalo linahamishika moja kwa moja: makomando, genge la Tiger Mafia, mapigano ya mikono na helikopta za kompyuta, na juu ya yote sauti ya VJ Emmie, ambayo haitenganishwi na filamu kwa kuwa nakala isiyo na sauti hiyo haipo tena. Sauti hiyo ndiyo kiini cha mchezo wenu. Fikirieni VJ anayemwona mchezaji: anajua adui yuko nyuma ya ukuta na anakwambia, lakini kwa utani na chumvi, kiasi kwamba lazima ujifunze kupambanua onyo la kweli na porojo. Ukikimbia vita anakusuta. Ukifa anawaomba watazamaji radhi kwa niaba yako. Hapo VJ hawi pambo. Anakuwa chombo kama kile kifaa cha kutambua mwendo, chenye faida na hasara ndani yake. Isitoshe, sauti zinaweza kurekodiwa kwa Kiganda, kwa Kiacholi na kwa Kiswahili, na kila lugha iandikiwe utani wake.

Na kuna zawadi ambayo sijui kama mmeiona. Filamu hiyo, pamoja na jina lake, haisemi ni nani aliyemuua Kapteni Alex. Mkichukua mbinu ya Blade Runner, muuaji anaweza kuwa mwingine kila mchezo unapoanzishwa upya, na VJ akamshuku mtu tofauti kila mara, mara nyingi kimakosa.

Tahadhari moja ya kiufundi kabla hamjaanza: maneno ya VJ yatachosha upesi kuliko mnavyodhani, kwa sababu utani unaochekesha mara ya kwanza hukera mara ya kumi. Rekodini maneno mengi kwa matukio yanayojirudia, kama kufa na kuishiwa risasi, na machache kwa matukio ya nadra. Kisha wekeni sharti la kumnyamazisha kwa muda baada ya kila mzaha. Kwa upande wa programu, Godot ni ya bure, inatoa michezo ya Android, na haidai kompyuta yenye nguvu nyingi. Tengenezeni chumba kimoja, adui watatu na dakika mbili za sauti, mkitumia vibonzo vya miraba tupu, na mumpe mtu asiyewajua acheze bila kuelezwa neno. Akicheka mahali mlipokusudia, mna mchezo. Msipoteze hata siku moja kwenye michoro kabla ya hapo.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi uamuzi juu ya kazi inayotokana na yake, na kutokuwa na nia ya kuuza hakuwaondolei wajibu wa kuomba. Kwa bahati nzuri, mnayehitaji kumwomba yuko Wakaliga, safari ya basi moja na bodaboda kutoka Gulu. Nendeni na kile chumba kimoja kikiwa kwenye simu, mumwache acheze mwenyewe, na kabla ya kuondoka muwe na makubaliano ya maandishi yanayotaja waziwazi mchezo wa video, sauti ya VJ, na mgawo wa mapato, hata kama mapato yenyewe bado hayaonekani. VJ aombwe kivyake, kwa kuwa sauti ni yake.

Wenzako waambie kwamba juu ya The Godfather wamekushinda. Juu ya Alien, wacheze kwanza, usiku, taa zikiwa zimezimwa, ndipo mrudi kwenye ubishi.